Muulize Bi. Fundi: Kabati, dirisha na ukuta unaotoka jasho

Baridi ikishakaa, barua zenu hubadilika. Miezi mingine mwaniuliza rangi ya sebule, ufa wa dari, mlango unaokwaruza sakafu. Miezi hii ni koga tu. Wapo wanaoiita kuvu, wapo wanaoiita ukungu, na mmoja ameandika "ule weusi unaonifuata kila nyumba ninayohamia". Nimechagua barua saba. Usipoiona yako, soma ya jirani, zilifanana mno.

*Shikamoo Bi. Fundi. Chumbani kwangu kuna kabati kubwa lililoegemea ukuta wa nje. Mwaka juzi nililisogeza nikitafuta hereni, nikakuta ukuta nyuma yake mweusi kama umepakwa masizi. Nikafuta, nikapaka rangi. Mwaka jana ikarudi. Nikapaka tena, safari hii rangi ambayo muuzaji aliniapia kwamba inaua kuvu. Juzi nimemulika kwa tochi: imerudi, na koti langu la sufu linanuka uvundo. Nipe jina la rangi iliyo kiboko yake.*
*Nimechoka Kupaka*

Marahaba, mwanangu. Jina sikupi kwa sababu rangi hiyo haipo, na hilo nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilipaka chumba cha mama mmoja kilichokuwa na doa kama lako. Nilikuwa na haraka. Nikapitisha rangi mikono miwili juu ya doa, chumba kikapendeza, nikalipwa, nikaenda zangu. Baridi haijaisha, mama yule akanifuata nyumba nyingine nilikokuwa nafanya kazi. Kiganjani ameshika ganda la rangi yangu, juu jeupe, chini jeusi. Akaniuliza, "Binti, ulipaka ukuta au uliifunika koga blanketi?" Nilirudi kukwangua chumba kizima bila malipo.

Koga inataka mbegu, chakula na maji. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana kwa macho. Zimo hewani, ndani na nje, hufukuzi hata moja ikaisha. Chakula chake ni kidogo mno: vumbi la kawaida, karatasi, mbao, gundi, hata utando wa mafuta ya mikono ulioganda juu ya rangi. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Na kwa kuwa bomba halipiti nyuma ya kabati lako, maji hayo yametoka hewani.

Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba kama gramu 17 za mvuke. Kwenye nyuzi 10 hubeba kama gramu 9 tu. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, hewa yake ikigusa kitu chenye nyuzi 12 huanza kuutua mzigo. Ndiyo yale matone ya kwenye kioo. Lakini koga haingoji matone. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 siku kadhaa mfululizo, imeshapata inachotaka, na wewe ukipitisha kiganja utasema ukuta mkavu.

Sasa kabati lako. Ukuta wa nje tayari ni wa baridi, halafu ukauwekea kabati mbele, joto la chumba haliufikii. Kabati ni sweta, ila limevaliwa upande usiofaa: chumba kimo ndani ya sweta, ukuta umeachwa nje unatetemeka. Na hewa ya pale nyuma haitembei. Kwa hiyo kabati lihamie ukuta wa ndani, ule unaopakana na chumba kingine. Kama nafasi hairuhusu, livute mbele upana wa kiganja, sentimita kumi hivi, lisimame juu ya miguu ili hewa ipite chini na kutokea juu. Usilijaze nguo mpaka mlango unasukumwa kwa goti.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Vaa glavu, barakoa inayobana vizuri pua na mdomo, na miwani isiyo na matundu. Mlango wa chumba funga, dirisha fungua. Usiguse koga ikiwa kavu, na brashi kavu usiifikirie kabisa, utakuwa unapanda mbegu nyumba nzima. Lowesha tambara kwa maji ya sabuni, futa, suuza, badilisha maji, futa tena. Rangi iliyobambuka ikwangue ikiwa na majimaji. Matambara yatie mfukoni, funga, tupa. Kisha ukuta uukaushe, na hapa ndipo wengi mnapoharakisha: feni ielekezwe ukutani mchana na usiku, mpaka uridhike, ndipo urudi na rangi. Ile rangi ya kuzuia kuvu ina msaada wake, sikatai. Inachelewesha. Ila haiwezi kuupasha ukuta joto. Koti fuata kibandiko chake cha ufuaji, likauke mpaka mishono ya ndani, ndipo lirudi kabatini.

Kama eneo lililoota linazidi mita moja ya mraba, au limeingia ndani ya bodi za dari, usijitie ushujaa. Mwite mtu wa kazi hiyo.

*Bi. Fundi, mimi na mume wangu hatuelewani kuhusu dirisha. Yeye huacha dirisha la chumbani wazi upana wa kidole, kutwa kucha, eti hewa izunguke. Mimi naona tunapasha joto barabara. Asubuhi vioo vinatiririka, na koga imeanzia kwenye ukingo wa dirisha hilohilo! Tena nje kuna manyunyu na ukungu. Si tunaikaribisha ndani?*
*Mke wa Bwana Dirisha*

Mmegawana ukweli nusu kwa nusu, ndiyo maana ugomvi hauishi. Bwana yuko sahihi kwamba hewa lazima itoke. Wewe uko sahihi kwamba ule upana wa kidole ni hasara. Hewa inayobadilika ni kiduchu, na kutwa nzima kingo za dirisha zinapigwa baridi mpaka zinakuwa sehemu ya baridi kuliko zote chumbani. Unyevu unajitua hapohapo.

Fungueni dirisha lote, wazi kabisa, na la upande wa pili wa nyumba pia, upepo upite katikati. Dakika tano zinatosha kukiwa na baridi kali, kumi kukiwa na nafuu. Kisha fungeni. Fanyeni hivyo mara tatu au nne kwa siku. Hewa itakuwa imebadilika yote, ila kuta na samani hazijapata muda wa kupoa, na joto kubwa la nyumba limo humo, si katika hewa.

Ama hayo manyunyu, hapa ndipo watu hunibishia mpaka jasho linawatoka. Hewa ya nje yenye nyuzi 0, hata ikiwa imejaa unyevu hadi huoni mbele, haibebi hata gramu 5 za maji kwa mita moja ya ujazo. Iingize ndani, ipashe mpaka nyuzi 20, ile hewa ya ukungu inakuwa na unyevu usiofika asilimia 30. Imeingia na kiu. Itakunywa unyevu wa chumba, nawe utakapofungua tena inatoka nao. Mradi nje kuwe na baridi kuliko ndani, na ndani muwe mnapasha joto, hesabu hii haidanganyi. Nyumba isiyopashwa joto faida yake ni ndogo. Huko ni kufungua mara tu baada ya kupika, kuoga na kulala, kabla mvuke haujatafuta pa kukaa.

Ya asubuhi msiiruke. Mtu mmoja aliyelala hutoa robo hadi nusu lita ya maji usiku kucha, kwa pumzi na ngozi. Nyinyi ni wawili. Na nguo je, mnaanika ndani? Nguo za mashine moja zikianikwa chumbani zinaweza kuachia kama lita mbili hewani. Kama hamna pa kuzipeleka, zianikeni chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha likifunguliwa mara kwa mara. Sufuria zifunikwe. Feni ya bafu iendelee dakika kumi na tano au ishirini baada ya mtu kutoka, na mlango wa bafu usiachwe wazi "mvuke upungue", maana unapungulia chumbani.

Jambo moja dogo limewahi kunichekesha. Nilienda nyumba moja, nikamkuta bibi mwenye nyumba hodari kweli, kila asubuhi anafuta vioo vyote kwa taulo. Taulo likilowa analitandika juu ya hita likauke. Maji yale yale, kutoka kioo hadi taulo, kutoka taulo hadi hewa, kutoka hewa hadi kioo. Likamueni kwenye sinki.

*Tumenunua hita ya mafuta ya taa, ile isiyo na bomba la kutolea moshi, ili tuikaushe nyumba. Ajabu, kuta zimezidi kulowa. Hita mbovu?*
*Baba Watatu*

Hita nzima, ndugu yangu. Mafuta ya taa yakiungua hutoa maji: kila lita unayochoma inakurudishia karibu lita ya maji kwa umbo la mvuke, ndani ya chumba. Gesi isiyo na bomba la kutolea moshi ni hivyo hivyo. Lakini maji ndiyo tatizo lako dogo. Moto wa namna hiyo katika chumba kilichofungwa unaweza kutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, na inaua watu usingizini. Usilale nayo ikiwaka hata siku moja.

Ukitaka mashine ya kukausha hewa, uliza kwanza chumba chako kina nyuzi ngapi. Zile zenye kompresa kama ya friji hulegea sana chumba kikishuka chini ya nyuzi 15. Kwa chumba baridi kuna aina inayotumia chembechembe za kufyonza unyevu, hula umeme zaidi lakini hufanya kazi. Vile vikopo vya kunyonya unyevu viwekwe ndani ya kabati la nguo. Kwa chumba kizima ni sawa na kuteka kisima kwa kijiko.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nalala juu ya godoro lililo sakafuni. Jana nimeligeuza, chini limeota madoa ya kijani na meusi. Nilianike jua lirudi kuwa zima?*
*Wa Godoro*

Marahaba. Koga iliyoingia ndani ya sponji haitoki kwa jua wala kwa dawa. Litupe, najua linauma. Mwili wako unasukuma joto na unyevu kwenda chini, sakafu ya baridi inaupokea, na hapo katikati hakuna hewa. Godoro lijalo litafutie chaga, hata za mbao za kuokota ulizozisafisha, mradi pabaki uwazi chini. Na asubuhi usitandike upesi. Kunjua shuka, acha godoro lipumue saa moja. Huenda huu ndio ushauri pekee wa nyumbani utakaokuruhusu kuwa mvivu.

*Bi. Fundi, koga imejaa ukutani kwangu kuanzia chini. Mwenye nyumba amekuja, ameangalia, amesema ni kosa langu, "mnapumua sana humu ndani". Mimi nasema ukuta unavuja. Nitajuaje nani mkweli?*
*Anayepumua Sana*

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa kicheko, halafu nikakumbuka wewe unaishi humo.

Chukua foili ya jikoni, kipande cha ukubwa wa daftari. Futa ukuta ukauke juujuu, bandika foili, kingo zote nne uzifunge kwa utepe wa gundi zisipitishe hewa. Iache siku moja au mbili. Ikiwa imelowa upande unaotazama chumba, maji yanatoka hewani, na mwenye nyumba amepata hoja nusu. Ikiwa imelowa upande wa nyuma, unaogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta wenyewe, na hapo hata mkiishi bila kupumua haitasaidia.

Kisha soma umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni, kwa kawaida hauvuki sana mita moja, na juu huacha mstari kama ule ambao bahari huuacha ikipwa. Utaona unga mweupe wa chumvi, na lipu inamomonyoka ukiigusa. Unyevu wa mvua huja na kahawia, duara juu ya duara, na hukua baada ya mvua. Bomba lililopasuka halijali mvua wala jua: funga mabomba yote, usitumie maji, katazame mita. Ikizunguka, umempata mwizi. Unyevu wa hewa wenyewe hupenda pembe, nyuma ya vitu na juu ya madirisha, na huzidi miezi ya baridi, kiangazi ukakauka.

Wewe umesema "kuanzia chini". Sijauona ukuta wako, lakini nikisikia hivyo huwa natafuta chumvi kwanza. Piga picha zenye tarehe, picha ya foili iwemo, na malalamiko yako yapeleke kwa maandishi. Maneno ya mlangoni husahaulika mlango ukifungwa. Na hata ikithibitika ni unyevu wa hewa, feni ya bafu iliyokufa, dirisha lisilofunguka na ukuta usio na kinga ya baridi havikuletwa na pumzi zako. Hiyo ndiyo nusu iliyobaki ya hoja.

*Shoga yangu kanishauri nichanganye dawa ya klorini na siki, eti zikiungana koga haisimami. Kiasi gani cha kila kimoja?*
*Mpenda Usafi*

Hakuna kiasi! Usichanganye. Klorini na siki zikikutana hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na bafuni ni chumba kidogo. Klorini na dawa yoyote yenye amonia, vivyo hivyo. Kama umeshafanya, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kuosha beseni. Kifua kikibana au kikohozi kisipotulia, nenda hospitali.

Klorini yenyewe ina pahali pake: vigae, kioo, sinki, vitu visivyonyonya, peke yake, dirisha likiwa wazi. Kwenye lipu na mbao hutoa rangi ya koga tu. Ukuta unaonekana mweupe, umelala na furaha, kumbe maji yaliyokuwa ndani ya dawa yamezama na kuinywesha iliyobaki ndani. Maji ya sabuni na mkono wenye nguvu hushinda. Ile silikoni nyeusi kandokando ya beseni la kuogea usiisugue tena, weusi umo ndani yake. Ikate, pakauke, weka mpya.

*Mwanangu ana pumu, na pembe ya chumba chake ina koga nyeusi. Jirani anasema nyeusi ndiyo yenye sumu, nyingine si kitu. Niipeleke maabara kwanza?*
*Mama Mwenye Wasiwasi*

Usisubiri maabara, dada. Rangi haikuambii kitu. Koga nyingi za kawaida kabisa ni nyeusi, na ya kijani au nyeupe inaweza kumkohoza mtoto vilevile. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na koga majumbani, na walichokisisitiza ni kwamba nyumba yenye unyevu inaendana na kuzidi kwa pumu na matatizo ya kupumua. Dawa waliyoitaja ni kuzuia unyevu, au ukiwapo kuuondoa. Hawakusema upeleleze jina la kuvu kwanza.

Leo hii mhamishe mtoto alale chumba kingine. Siku ya kusafisha asiwemo nyumbani, na wewe mwenyewe ukiwa na pumu muombe mtu mwingine. Hata koga iliyokufa huendelea kusumbua kifua, kwa hiyo kupulizia dawa na kuiacha pale haitoshi, lazima ifutwe iondoke. Daktari wake mwambie nyumba ina koga. Wengi hueleza kikohozi wakasahau kueleza chumba.

Nina nafasi ya mistari michache, nimjibu na msomaji aliyenunua vipimaunyevu viwili, kimoja kinasoma 48, kingine 61, na anataka kujua amwamini nani. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya jikoni, dondoshea maji mpaka iwe kama tope, isielee. Iweke pamoja na vipimo vyote viwili ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha mpaka kesho. Hewa ya humo itasimama kwenye asilimia 75, ndiyo tabia ya chumvi hiyo. Kinachosoma tofauti, tofauti hiyo iandike mgongoni. Changu kilisoma 71, kwa hiyo nyuma nimekiandikia "ongeza 4" kwa kalamu ya wino, na kila nikikiona kimefika 56 nafungua dirisha.